Barabara iliyo mbele ya mlango wako ni ya nani?

MAGARI mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, kabla ya kuvuka Malaba, Busia au Mutukula, huja na stika ndogo ndogo kwenye kioo cha nyuma. Zenye nyota zinahusu moshi na matumizi ya mafuta. Lakini mara nyingi ipo moja ya duara, yenye maandishi ya Kijapani, ambayo wanunuzi wetu huibandua kwa wembe siku ya kwanza, au huiacha hapo mpaka jua liifute. Stika hiyo ilitolewa na polisi wa huko. Maana yake ni kwamba mwenye gari alithibitisha kuwa ana mahali pa kuliweka, pasipokuwa barabarani.

Katika miji yetu mambo huenda kinyume. Gari hununuliwa kwanza, mahali pa kuliweka hutafutwa baadaye, na mara nyingi mahali hapo huwa ni barabara iliyo mbele ya mlango wa mtu mwingine. Mwenye mlango akitoka asubuhi anakuta amezibiwa. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari la kumchukua linakwama kona ya mtaa. Naye mfanyabiashara aliyesafiri usiku kucha kutoka mpakani anazunguka mtaa huo huo mara tano akitafuta mahali pa kusimama nusu saa tu apakie mzigo wake.

Malalamiko yanapozidi, hawakosi watu wanaosema dawa ipo: wakazi wa mtaa wapewe vibali vya maegesho, na asiye na kibali aondoke. Ndugu zetu waliorudi kutoka Ulaya na Marekani wanaujua utaratibu huo. Mimi mwenyewe niliishi London miaka kadhaa kabla ya kurejea Kampala, na kibali cha aina hiyo nilikuwa nacho. Ndiyo maana napenda tulitazame jambo hili kwa makini kabla halijatufikia, kwa sababu kibali kinaweza kuwa msaada wa kweli, na kinaweza pia kuwa ushuru mwingine tu uliovalishwa jina zuri.

Mitaa iliyogeuka soko

Kwanza tuelewane ni mitaa ipi tunayoizungumzia. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili, zenye ua nyuma na baraza mbele. Leo ni ghorofa juu ya ghorofa, maduka chini na watu wakiishi juu, na wanunuzi wanatoka Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na Komoro. Eastleigh ya Nairobi ilikuwa mtaa wa makazi, mpaka nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ilipogeuzwa kuwa maduka miaka ya mwanzo ya 1990, na majengo mengine yakafuata. Hapa Kampala tunayo Kisenyi yenye mashine za kusaga nafaka, na jirani yake Arua Park, ambako mabasi na malori ya kwenda Arua, Sudan Kusini na Kongo hupakia.

Katika mitaa kama hii barabara ina wadai watatu. Yupo mkazi, ambaye anataka kulala, kutoka na kuingia kwake. Yupo mwenye duka, ambaye anataka mteja asimame karibu na mlango wake. Na yupo mgeni, yaani mnunuzi na dereva wa mzigo, ambaye hana kura katika mtaa huo lakini fedha yake ndiyo inayouendesha. Kibali cha wakazi, kikitolewa bila kufikiri, humpa mdai mmoja barabara yote na kuwafukuza wawili. Nao wakifukuzwa hawapotei. Wanahamia mtaa wa pili, na ugomvi unahamia huko.

Arlington: haki ya kumzuia mgeni

Je, ni haki kumpa mkazi barabara ambayo imejengwa kwa kodi ya kila mtu? Swali hili lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1977.

Kaunti ya Arlington, katika jimbo la Virginia, iko ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Wafanyakazi wa ofisi za eneo la Crystal City walikuwa wakiacha magari yao kutwa nzima kwenye mitaa ya jirani iitwayo Aurora Highlands, ambako maegesho yalikuwa bure. Kaunti ikaweka sheria kwamba kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku za kazi, hakuna kuegesha katika mitaa hiyo bila kibali. Vibali vilitolewa bure. Wafanyakazi wakashitaki, wakisema wanabaguliwa, na mahakama za Virginia zikakubaliana nao. Mahakama Kuu ya nchi ikaupindua uamuzi huo. Ilisema serikali ya mtaa inaweza kuwatofautisha wakazi na wageni iwapo inafanya hivyo kwa lengo la maana, kama vile kupunguza msongamano, kelele na moshi katika mitaa ya makazi.

Waliosimulia kesi hiyo wengi huishia hapo. Lakini kuna jambo ambalo mfanyabiashara hapaswi kulipita. Katika sheria ile ya Arlington, waliostahili kupewa kibali hawakuwa wakazi peke yao. Walikuwamo pia watu wenye shughuli na wakazi hao, pamoja na baadhi ya wageni wao. Aliyezuiwa ni yule aliyeufanya mtaa kuwa ghala la gari lake kutwa nzima, huku yeye mwenyewe akiwa hana shughuli yoyote katika mtaa huo. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi tutairudia.

London: saa moja tu

London iliweka mita zake za kwanza za maegesho mwezi Julai 1958, katika Grosvenor Square, eneo la Westminster. Vibali vya wakazi vilikuja baadaye, na leo karibu kila manispaa ya jiji hilo ina mitaa ya namna hiyo. Ili upate kibali unaonyesha mambo mawili: kwamba unaishi hapo, kwa mkataba wa nyumba au hati ya kodi ya manispaa, na kwamba gari ni lako, kwa kadi ya gari yenye anwani hiyo hiyo. Kibali hufungwa na namba ya gari na eneo lake. Huwezi kukichukua ukakitumia mtaa mwingine, wala kumpa shemeji akaegeshee gari lake. Zamani kilikuwa karatasi nyuma ya kioo. Siku hizi manispaa nyingi zimeacha karatasi, na askari wa maegesho huingiza namba ya gari kwenye mashine akajua papo hapo kama limelipiwa.

Mgeni wa mkazi naye ana njia yake. Mkazi hununua vocha za wageni. Enzi za karatasi vocha hizo zilikuwa za kukwangua, kama zile za muda wa maongezi wa simu: unakwangua tarehe na saa, mgeni anaiweka ndani ya kioo. Nilikuwa nikiwawekea akiba jamaa waliokuja kunitembelea Jumapili, mpaka nilipobaini kwamba kwa mtaa wetu Jumapili haikuwa na udhibiti wowote. Udhibiti una saa zake, na kila mtaa una zake.

Hapo ndipo penye somo ambalo naliona linatufaa zaidi sisi. Katika maeneo mengi ya pembezoni mwa London, hasa karibu na vituo vya treni, kibali kinadaiwa saa moja tu kwa siku, kwa mfano saa moja ya katikati ya asubuhi, siku za kazi. Ukisikia kwanza utacheka. Saa moja itamzuia nani? Humzuia yule anayekuja alfajiri, anaacha gari, anapanda treni na kurudi jioni, kwa sababu saa hiyo ikimkuta lazima atozwe faini. Lakini mteja wa duka, fundi wa mabomba au shangazi aliyekuja kumsalimu mgonjwa anaweza kuegesha saa nyingine zote bila taabu. Mtaa unalindwa na biashara haifi.

Tusidhani kwamba wenzetu hawana ugomvi. Mwaka 2011 manispaa ya Barnet, kaskazini mwa London, ilipandisha bei ya kibali cha gari la kwanza kutoka pauni 40 hadi 100 kwa mwaka, na vocha ya mgeni kutoka pauni 1 hadi 4. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwezi Julai 2013 wakashinda. Mahakama ilisema sheria ya barabara ya mwaka 1984 inairuhusu manispaa kutoza ili kusimamia maegesho, wala haikuwekwa ili manispaa ijipatie fedha za ziada za kugharimia mambo mengine ya usafiri. Kwa maneno mengine, kibali si kodi. Kisigeuzwe kodi kwa mlango wa nyuma.

Tena, kabla ya utaratibu mpya kuanza, manispaa ya Uingereza hutakiwa kuutangaza hadharani, na watu hupewa siku 21 za kupeleka pingamizi zao kwa maandishi. Mwenye duka anayeona mteja wake atafukuzwa ana nafasi ya kusema kabla ya kibao kusimikwa, si baada ya gari kufungwa mnyororo.

Japani: mahali kwanza, gari baadaye

Sasa turudi kwenye stika ile ya duara. Mwaka 1962 Japani ilitunga sheria inayomtaka mwenye gari awe na mahali pa kuliweka nje ya barabara ya umma. Anayetaka kusajili gari hupeleka polisi ramani ya mahali hapo, vipimo vyake, na hati kwamba ni pake au amepakodi. Mahali penyewe pasizidi kilomita 2 kutoka anakoishi, na gari liweze kuenea lote bila kutokeza barabarani. Polisi wanaweza kwenda kupatazama. Wakiridhika hutoa cheti, na gari husajiliwa. Anayetoa maelezo ya uongo anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 200,000. Sheria hiyo hiyo inakataza kuacha gari barabarani mahali pamoja zaidi ya saa 12, au zaidi ya saa 8 ikiwa ni usiku.

Stika ya kioo cha nyuma ilianza mwaka 1991 kama alama ya cheti hicho. Ilifutwa tarehe 1 Aprili 2025, kwa hiyo magari mapya yatakayotufikia miaka ijayo hayatakuwa nayo. Lakini cheti chenyewe hakikufutwa. Sheria haimlazimishi kila mtu sawasawa, kwa kuwa magari madogo kabisa yana utaratibu mwepesi zaidi, na sehemu za mashambani hayadaiwi cheti.

Tofauti ya Japani na London ni hii. London inatoa kibali cha kutafuta nafasi. Manispaa zenyewe huandika wazi kwamba kibali hakikuhakikishii nafasi mbele ya nyumba yako, wala katika mtaa wako. Japani inakudai uonyeshe nafasi yenyewe kwanza. Ya London ni rahisi kuanzisha, lakini bila hesabu huzaa vibali vingi kuliko nafasi. Ya Japani ni ngumu kuanzisha, lakini hesabu yake haidanganyi.

Tupige hesabu

Chukua mtaa wenye urefu wa mita 100. Gari la kawaida likiegeshwa sambamba na ukingo wa barabara linahitaji kama mita 6, pamoja na nafasi ya kuingilia na kutokea. Kwa karatasi, upande mmoja unachukua magari 16. Toa mageti, toa kona, toa sehemu ambayo gari la zimamoto litapita, unabakiwa na nafasi 12 hivi. Sasa tazama juu. Ghorofa tatu tu, zenye nyumba 20 kila moja, ni kaya 60. Hata kama ni kaya moja kati ya tatu yenye gari, ni magari 20 kwa nafasi 12, na hatujamhesabu mwenye duka hata mmoja, wala mteja, wala lori.

Halmashauri itakayouza vibali 20 katika mtaa huo itakuwa imeuza nafasi 8 ambazo hazipo. Na itakayouza vibali 60 itakuwa imekusanya fedha tu, huku watu wakiendelea kugombana kama jana, ila leo kila mmoja ameshika risiti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu nafasi kabla ya kutaja bei. Si kazi ya mtaalamu kutoka nje. Vijana wawili wenye futi ya kupimia na daftari wanaweza kuhesabu nafasi za mtaa mmoja kwa asubuhi moja, na magari yaliyolala hapo kwa usiku mmoja.

Tugawane kwa saa

Kazi ya pili ni saa. Mahitaji ya mkazi na ya mfanyabiashara hayagongani saa zote. Mkazi mwenye gari, kwa kawaida, huondoka nalo asubuhi na kurudi jioni. Mteja wa duka huja mchana. Lori la mzigo linaweza kuja alfajiri. Barabara ile ile inaweza kumtumikia kila mmoja ikiwa kila mmoja atajua zamu yake: usiku ni wa wenye vibali, alfajiri kuna saa mbili za kushusha na kupakia, mchana mteja anasimama kwa muda mfupi kwa malipo madogo, na hakuna anayeruhusiwa kuacha gari kutwa nzima. Huyo wa kutwa nzima ndiye aliyezuiwa Arlington, na ndiye anayezuiwa London kwa ile saa moja. Mara nyingi huku kwetu si mgeni kutoka mpakani. Ni mwenye duka mwenyewe, anayefika mapema, anaegesha mbele ya duka lake mpaka jioni, kisha analalamika kwamba wateja hawana pa kusimama.

Kazi ya tatu ni kumkumbuka asiyekuwa na karatasi. London inadai mkataba wa nyumba. Kisenyi wapangaji wengi hulipa mkononi mwezi hadi mwezi, na mkataba ni neno la mwenye nyumba. London inadai kadi ya gari yenye jina la mwombaji. Huku gari lililouzwa mara tatu linaweza kuwa bado lina jina la mnunuzi wa kwanza. Aliyerejea nyumbani juzi anaendesha gari lenye namba za nchi aliyotoka, na mfanyabiashara wa Goma, Juba au Bukoba anakuja na namba za kwao. Mashine isiyozitambua namba hizo itamwona kila mgeni kuwa mhalifu. Utaratibu wa mjini kwetu ukubali barua ya mwenyekiti wa mtaa, na uwe na kibali cha siku moja ambacho mgeni yeyote anaweza kukilipia kwa simu, hata kama gari lake halikusajiliwa nchini. Kulipia maegesho kwa simu si jambo geni tena. Madereva wa Nairobi na Dar es Salaam wamelizoea.

Kazi ya nne ni fedha. Mji wa Pasadena, California, ulipoweka mita katika mitaa yake ya zamani ya biashara mwaka 1993, wenye maduka walipinga mpaka walipoahidiwa kwamba fedha zitabaki hapo hapo, zitengeneze njia za miguu, taa na usafi. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu gharama ya maegesho ya bure mwaka 2005, aliutumia mji huo kama mfano. Alisisitiza kwamba watu huikubali ada ya maegesho wanapoiona ikirudi mtaani kwao. Kwetu fedha ya maegesho ikishaingia kwenye mfuko mkuu, mtaa hauioni tena. Mtaro unabaki umeziba, taa zimezimika, na mlipaji anaona ameporwa.

Siku tangazo litakapobandikwa

Sipingi vibali. Mzee asiyeweza kutembea mbali, mama mwenye mtoto mgonjwa usiku, dereva wa teksi anayelala saa tisa alfajiri, wote hao wanastahili kulikuta jiji likiwafikiria. Wala siamini kwamba kila mwenye gari ana haki ya kuliweka popote kwa kuwa tu amelilipia ushuru wa forodha.

Ninachosema ni kwamba siku tangazo la vibali litakapobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa wako, usiulize bei kwanza. Uliza nafasi zilizohesabiwa ni ngapi na vibali vitakavyotolewa ni vingapi. Uliza saa za udhibiti zinaanza lini na kuisha lini, na mteja pamoja na lori wamewekewa saa ngapi. Uliza mpangaji asiye na mkataba na gari lenye namba za nje vitatambuliwaje. Uliza fedha zitafanya kazi gani, katika mtaa upi, na ni nani atakayesoma hesabu zake mbele ya watu.

Wafanyabiashara wa mipakani mmezoea kudai maelezo ya kila shilingi katika karatasi za forodha kabla ya kulipa. Dai maelezo hayo hayo kuhusu mita 6 za barabara. Halmashauri yenye majibu manne ya kueleweka itakuwa imeleta utaratibu, nasi tuufuate. Isiyokuwa nayo tuiombe ikahesabu kwanza, kisha irudi.